Mkaja wa Zuhura

Bi Mwantumu tulimzika Ijumaa. Nasema tulimzika, ingawa sisi wanawake hatukwenda makaburini. Wanaume walimbeba wakatoka naye, sisi tukabaki uani kwake, Ngamiani, tumekaa mkekani tunamenya vitunguu vya watu watakaorudi na njaa. Mimi ni muuguzi mstaafu, nimefumba macho ya watu wengi ambao hata majina yao siyakumbuki, lakini siku hiyo machozi yalinitoka na nikavisingizia vitunguu. Binti mmoja wa kizazi hiki cha simu alimwinamia mwenzake akauliza, kwa sauti aliyodhani ni ndogo, "Yule bibi mwenye msalaba shingoni ni nani?" Kabla mwenzake hajajibu, Salama wa nyumba ya pili, ambaye macho yamemwisha lakini masikio anayo, akadakia: "Huyo ni mwanawe marehemu. Yule wa milimani." Sikuinua uso. Nilitamani Zuhura asikie neno lile, maana binti wa Bi Mwantumu wa kumzaa alikuwa yeye, mimi nilikuwa mpangaji tu.

Chumba nilicholala siku za matanga ndicho kile kile. Wameweka dari, wamepaka rangi ya kijani ya kuumiza macho, dirisha limetiwa nondo, lakini ukilala ukageukia ukutani bado utauona ufa ule ule unaoshuka kama mto. Mwaka nilioshuka Tanga kusomea uuguzi, mabweni ya chuo yalikuwa yamejaa, nikatafutiwa nafasi katika nyumba hii, nilale kitanda kimoja na binti wa mwenye nyumba. Kitanda chenyewe kilikuwa cha kamba, wanachokiita teremka-tukaze, na kweli tulikuwa tukiteremka tukakaza, mimi nikivuta huku na Zuhura akivuta kule, yeye akicheka mpaka kamba zinamponyoka. Alikuwa mcheshi wa kuudhi. Nilikuwa msichana mkavu, mwepesi wa kununa, na kununa kwangu ndiko kulikomfurahisha. Ataniiga nikisali kabla ya kula, ataniiga ninavyoogopa kaa, ataniiga ninavyoitamka Pangani kwa lafudhi ya Kishambaa, kisha atajishika ubavuni na kujitupa kitandani: "Sina mbavu mie, Lizabeti, utaniua." Ni msemo tu, kila mtu husema. Siku hizi nikiusikia kwenye redio naizima.

Asubuhi nilikuwa nikiamshwa na maneno ya upande wa pili wa pazia. Bi Mwantumu alikuwa mkandaji wa wazazi. Mwanamke akijifungua mtaani, au hata kule Chumbageni, huletewa Bi Mwantumu na maji yake ya moto, akamkanda, akamsinga kwa mafuta, kisha akamfunga mkaja, yaani kitambaa kirefu cha kubana tumbo lirudi mahali pake. Waliokuwa na nguvu walimfuata nyumbani. Basi mimi nilikuwa nikilala nikisikiliza: maji yanamiminwa, mwanamke anaguna, mtoto anahemea ziwa, na Bi Mwantumu anatoa amri zake. "Shusha pumzi. Shusha yote. Usinibanie." Halafu kitambaa kinavutwa, unausikia mlio wake. "Mzazi asiyefungwa mkaja," alikuwa akisema, "atatembea na mimba isiyozaliwa mpaka uzeeni." Wanawake hucheka, kisha hukumbuka mishono yao na kuacha kucheka. Akimaliza huja kutuamsha kwa uji wa pilipili manga, na mikono yake ikinuka mafuta ya nazi na karafuu. Sijapata kuona mikono kama ile. Nimefanya kazi na madaktari waliosoma nje, na bado nasema.

Zuhura alikuwa ameposwa. Mchumba wake alikuwa kijana wa Pangani aliyefanya kazi kwenye kivuko, mpole, mwenye masikio makubwa ambayo Zuhura hakuacha kuyasema. Kwa desturi za pwani, anayeposa humletea mama wa binti mkaja, kumshukuru kwa lile tumbo alilolifunga siku alipomzaa bibi harusi. Siku hizi wengi huleta bahasha tu na kuiita mkaja. Wale wa Pangani walileta kitambaa chenyewe, bafta nyeupe nzito, imekunjwa na asumini, imefukizwa udi. Bi Mwantumu alikipokea kwa mikono miwili. Hakukifunga. Alikitia sandukuni chini ya nguo zake nzuri, akasema atakitumia siku Zuhura atakapozaa, amfunge nacho yeye mwanawe. Tulikuwa tumekaa uani tunakula bada, ule ugali wa muhogo, na samaki wa kukaanga aliposema hivyo, na Zuhura akaficha uso kwa ukaya, aibu ya kweli, mara moja tu katika kujuana kwetu.

Ilikuwa masika. Ua wetu ulikuwa umeota ukungu wa kijani kuzunguka kisima, na Zuhura alikuwa mtu wa kukimbia hata akibeba maji. Asubuhi moja nilisikia kishindo, kisha kicheko. Naapa alicheka kwanza. Kisha kicheko kikakatika katikati, kama mtu aliyezibwa mdomo, na nilipotoka nilimkuta amekaa matopeni, ubavu wake umeegemea ukingo wa kisima, midomo imempauka. Bi Mwantumu akaja, akapiga magoti, akapitisha vidole chini ya kanga ya binti yake. Hakuuliza kitu. "Huu," akasema, "na huu wa chini yake." Mbavu mbili zimevunjika, na hakuwa na picha wala mashine. Tukamwingiza ndani. Zuhura alikuwa akivuta pumzi nusu, akifika mahali pa maumivu anaiacha. Mama yake akafungua sanduku, akatoa ile bafta.

"Mama, si ya harusi hiyo?" Zuhura akanong'ona.

"Harusi bila bibi harusi itanifaa nini? Nyamaza, shusha pumzi."

Akamfunga. Kuanzia chini ya matiti, mzunguko juu ya mzunguko, goti lake akiliegemeza mgongoni kwa mwanawe ili avute vizuri, mimi nikishika ncha ya pili. Alipofunga fundo la mwisho Zuhura akafumba macho. "Afueni," akasema. "Wallahi, afueni kubwa." Hilo ndilo ninalotaka lieleweke. Maumivu yaliondoka kweli. Mbavu zilizovunjika zikiachwa zisicheze haziumi, na mama gani atakayemwona mwanawe amepoa, aseme hapa pana jambo?

Chuoni wakati huo tulikuwa bado miguuni. Mwalimu Shirin, aliyetufundisha mwili, alikuwa mwanamke mwembamba wa Kihindi, mzaliwa wa Tanga, mwenye Kiswahili cha hapa hapa na ulimi mkali, na alikuwa na mtindo wake wa kupanda. Alianza kisiginoni. Alisema muuguzi ambaye hajui miguu inavyombeba mgonjwa hana haki ya kumgusa kichwa. Kwa hiyo mimi, mwanafunzi wa uuguzi niliyelala ubavuni mwa Zuhura, niliweza kukutajia mifupa yote ya unyayo kwa mpangilio, na sikujua lolote lililo juu ya goti. Nilikuwa nikimwekea mto, nikimlisha uji, nikimsomea vitu vya kuchekesha kwenye gazeti, na yeye akinikataza: "Usinichekeshe. Sina pa kuchekea." Kila asubuhi mama yake alilegeza mkaja, akamfuta jasho, akaufunga upya, na kila alipoona binti anaguna aliukaza kidogo zaidi. Zuhura akaanza kusema vipande vipande. Maneno mawili, anapumzika. Akawa na kikohozi kidogo, kavu, cha mtu anayeogopa kuamsha wenye nyumba. Kisha homa. Kisha kichomi upande wa chini, na kucha zikageuka rangi. Tulipomfikisha hospitali walimfungua ule mkaja, wakatuambia pafu limejaa. Alikufa mchana, jua likiwaka baada ya mvua, mama yake akiwa ameshika mguu wake mmoja na mimi nimeushika wa pili. Mkaja tulirudishiwa umekunjwa.

Watu walisema yanayosemwa. Ajali haina kinga. Siku zake zilikuwa zimeandikwa. Yule kijana wa Pangani alikaa barazani hata chai hakuigusa. Na Bi Mwantumu, kila aliyeingia kumpa mkono, alimwambia neno lile lile: "Nilimfunga vizuri. Nilimfunga kwa mikono yangu, vizuri, lakini Mungu kampenda zaidi." Ndilo alilolishikilia. Nililisikia likipita kwenye pazia asubuhi na jioni mpaka nikawa nalisema usingizini.

Tulifika kifuani mvua zikiwa zimeisha. Mwalimu Shirin aliingia darasani na mbavu za mbuzi alizozinunua bucha, zimefungwa kwenye gazeti, akazitandaza mezani, akatuita tusogee. Akatuonyesha kwa ncha ya kisu ile nyama nyembamba inayojaza nafasi kati ya ubavu na ubavu, ile tunayoiguguna kwenye supu bila kuifikiria. "Hii si kijazo," akasema. Akaipasua taratibu. Ya nje nyuzi zake zinashuka zikielekea mbele. Ya ndani, chini yake, zinashuka zikirudi nyuma, zimekatana na za nje kama chane mbili za ukindu mkekani. Akatuambia ya nje ikijikaza huinua mbavu, kifua kinatanuka, hewa inaingia yenyewe. Mbavu zikitua, hewa inatoka. Na ya ndani huzivuta mbavu chini kwa nguvu unapotaka kupuliza, kukohoa, kuita mtu aliye mbali. Akachukua ndoo ya darasani, akauinua mshikio wake na kuushusha. "Ubavu ndivyo unavyokwenda, kama mkono wa ndoo hii. Sasa, Elizabeti, njoo."

Akavua mtandio wake, akanizungushia kifuani, akavuta, akafunga. "Kohoa." Nikakohoa. Kikatoka kile kikohozi. Kidogo, kavu, cha mtu anayeogopa kuamsha wenye nyumba. Wenzangu wakacheka. Mwalimu akawa anaendelea kusema, sauti yake ikinijia kwa mbali, kwamba wapo watu, hata hospitali za zamani, wanaomfunga mgonjwa aliyevunjika mbavu, naye hupata nafuu, na katika nafuu hiyo hapumui mpaka chini, hakohoi, makohozi yanatuama, pafu linaoza. "Mpe dawa ya maumivu. Mkalishe. Mwambie avute pumzi hata akilia. Lakini kifua msikifunge." Mimi nilikuwa nahangaika na fundo mgongoni silifikii. Nililivuta, mtandio ukachanika, nikatoka nje, nikakaa ngazini. Ukikaa pale Raskazone, chuo kilipokuwa, unaiona bahari, na nakumbuka niliichukia kwa utulivu wake. Nilikichukia na kisigino. Kama mwalimu angeanzia kifuani, nilikuwa nikifikiri. Kama angeanzia kifuani.

Alinifuata, akakaa karibu nami na nguo zake nzuri kwenye vumbi. Akauliza ni nani. Nikamwambia ni dada yangu, na ni mama yetu aliyemfunga. Mwalimu Shirin aliukunja mapajani mtandio wake uliochanika. "Nisikilize," akasema. "Wasiofungwa nao hufa. Waliofungwa wengine hupona. Huyu wako hujui, na mimi sijui. Usimpelekee mama wa mtu kitu usichokijua." Nilikubali kwa moyo wote, maana ndivyo nilivyotaka kuambiwa. Nikarudi nyumbani, nikala bada na Bi Mwantumu tukitazamana, nikafunga mdomo wangu.

Ningeufunga mpaka leo kama si Salama. Alikuwa mke mbichi wa nyumba ya pili, ameteleza kizingitini na gunia la mkaa. Mume wake alimleta asubuhi akiwa amejikunja. Bi Mwantumu alimkalisha, akapitisha vidole. "Huu," akasema. Kisha, bila kugeuka: "Lizabeti, fungua sanduku. Niletee ule mkaja."

Nikafungua sanduku. Kitambaa kilikuwa bado kinanukia udi. Nilisimama nacho katikati ya chumba, na Salama akihema kwa juu juu, namna ile ile, nusu, nusu.

"Leta, mwanamke anaumia."

"Bi Mwantumu, huyu tusimfunge."

"Tusimfunge kwa nini?"

"Apelekwe hospitali wampe dawa. Akifungwa hatapumua mpaka chini. Tumefundishwa."

Alikuwa amenipa mgongo. Nilimwona mikono yake ikisimama juu ya ubavu wa Salama, na ikabaki pale, haibonyezi wala haiondoki. Salama akavuta pumzi, na ile mikono ikainuka kidogo, ikashuka. Ikainuka tena. Nadhani ndipo alipoelewa, kabla sijaongeza neno, maana mikono ile haikuhitaji kuelezwa-elezwa. Akamwambia yule mume, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mpeleke hospitali. Fuata kama alivyosema mwanangu." Alikuwa hajawahi kuniita hivyo.

Walipotoka akasema, "Njoo unionyeshe." Nikamwonyesha ubavuni kwake mwenyewe, nikaviweka vidole vyake katika zile nafasi, nikamweleza za nje zinainua, za ndani zinashusha. Alisikiliza kama mwanafunzi. Halafu akauchukua mkaja kutoka mkononi mwangu, akajizungushia kifuani, akanipa ncha. "Vuta." Nikavuta. "Vuta kama tulivyovuta siku ile." Nikavuta. Akajaribu kuvuta pumzi. Akajaribu kukohoa. Akajaribu tena, akinitazama machoni, na kile kikohozi kikatoka, tukakisikia wote wawili, na tukakitambua.

"Kwa hiyo mwanangu nimemwua mimi?"

Maneno ya Mwalimu Shirin yalikuwepo. Hujui, na mimi sijui. Yalikuwepo mdomoni kabisa. Nilitazama chini. Msikitini wakaadhini adhuhuri, Bi Mwantumu akajifungua ule mkaja mzunguko kwa mzunguko, akauweka kitandani, akaenda kutawadha. Hakuniuliza tena. Alilia siku ile na siku nyingi, mimi nilisikia, lakini hakuniuliza. Aliendelea kukanda wazazi na kufunga matumbo, ila kila alipomaliza fundo niliisikia kwenye pazia amri mpya: "Haya, vuta pumzi, mwanangu. Vuta niuone mkono wangu unainuka." Asipouona unainuka, alifungua akaanza upya. Na mimi kifua changu cha msichana mkavu kililegea mwaka ule, nikawa mtu wa kulia. Mwanamke aliyepoteza binti alinifanya binti, na kila Idi na kila Krismasi, miaka yote ya kazi yangu, nimerudi katika nyumba hii nikila na kununa kama mtoto wa nyumbani. Mwili nimefundisha na mimi, baadaye, chuo kingine. Nilianzia kifuani. Wanafunzi waliniona kichaa.

Wiki tatu zilizopita Athumani, mdogo wake Zuhura, alinipigia simu. "Dada, mama anakutaja." Nikapanda basi. Nilimkuta amelala chumbani kwake, dirisha wazi, mchana, amekwisha mwili mpaka unaweza kumfundishia mtu mifupa. Kila alipovuta pumzi nyama ya kati ya mbavu ilizama ndani, na mimi najua maana yake. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia kwa midomo. Akapapasa kitanda, nikakaa. Akauweka mkono wake ubavuni kwangu, chini ya titi, kama alivyowawekea wazazi wake wote, nikadhani ni mazoea.

"Siku ile nilikuuliza," akasema. Akapumzika. "Ukanyamaza."

"Nakumbuka, mama."

"Nilitaka unidanganye." Akapumzika tena, muda mrefu. "Nidanganye sasa."

Sijui kama ni uongo. Nimekaa na swali hilo maisha yangu yote, nimesoma kila nilichokipata, nimeona waliofungwa wakitembea na wasiofungwa wakizikwa, na sijui. Lakini nilipofungua mdomo nilikuwa namwona Zuhura amefumba macho akisema afueni. "Hukumwua," nikamwambia. "Pafu lilikuwa limetoboka tangu siku ya kwanza, pale pale kisimani. Hata asingefungwa, asingepona. Wewe ulimpunguzia maumivu tu."

Alikuwa amefumba macho. Mkono wake mwepesi ulikuwa bado ubavuni kwangu, vidole vyake vimelala katika zile nafasi, kila kimoja mahali pake.

"Umezuia pumzi," akasema.

Nikangoja auondoe mkono, naye hakuuondoa.

"Sema tena," akasema.

Nikavuta pumzi mpaka chini, nikahakikisha mkono wake umeinuka, nikasema tena.